Kisanduku cha Watani

Mtu wa kwanza na wa pili walipita pamoja, na Kipekuzi, mashine ya langoni, hakikulalamika. Wa tatu na wa nne walikuwa ndugu wa tumbo moja, mafundi wa mitungi ya oksijeni, wamevaa sare zinazofanana na wanacheka. Walipoingia ndani ya pete na kuongea kidogo, taa ya juu ikawa nyekundu, na sauti ya kike, tulivu kabisa, ikasema: "Chuki, sabini na moja. Tafadhali kaeni pembeni." Wale ndugu wakatazamana. Kumbe wana kesi ya kiwanja cha marehemu baba yao, na mmoja ameshamwandikia wakili bila mwenzake kujua! Mlinzi akawaonyesha benchi, wakaketi kila mmoja upande wake.

Ndivyo mambo yalivyokuwa kila asubuhi kwenye lango la Kituo cha Safari za Mwezini, kule Isimani, chini ya milima ya Iringa. Pete ya chuma, pana kama mlango wa ghala. Unaingia na mwenzako, mnazungumza kwa dakika moja, na mashine inawapekua. Chini ya thelathini ni kijani, mnapita. Juu ya sitini ni nyekundu, na hapo hata uape kwa Mungu wako hakuna wa kukusikiliza.

Watu wa zamani walipokuwa wakisema kuskani walikuwa na maana chungu nzima. Karatasi ikilazwa juu ya kioo cha mashine ofisini, skani. Mama mjamzito akipakwa mafuta baridi tumboni ili mtoto aonekane akinyonya kidole, skani. Mizigo uwanja wa ndege, skani. Setilaiti ikipita juu ya Kilombero ikitafuta mashamba yaliyokauka, skani. Hata mtu aliyelitupia gazeti jicho la haraka akitafuta jina lake kwenye matokeo ya mtihani, naye alisemekana ameskani. Lakini ukiyachambua yote, jambo ni lile lile: kupita juu ya kitu sehemu kwa sehemu na kukusanya vipande mpaka vikupe picha nzima. Bibi anayechagua mawe kwenye mchele anafanya kazi hiyo hiyo, na hana umeme.

Mhandisi Kemilembe Rwegoshora alilichukua wazo hilo la kale akalipeleka kwenye nia ya mtu. Kipekuzi chake kilipitisha miali laini mstari kwa mstari, kuanzia utosini mpaka unyayoni. Kiliona damu ilikoelekea ndani ya ubongo, joto la mashavu, mapigo ya moyo, mboni zilivyotanuka. Mwisho kilisikiliza maneno, na hapo ndipo penye ufunguo. Mwili peke yake hautoshi, maana moyo wa aliyefurahi hudunda sawasawa na wa aliyekasirika, na damu hupanda usoni kwa wote wawili. Maneno ndiyo yanayowatenganisha. Mji mzima ulikipenda. Katika miaka minne Kipekuzi kilikuwa kwenye lango la kila shule, kila soko na kila zahanati ya Iringa, na ugomvi ulipungua kweli, tusikitukane bure.

Basi huyo mama aliyeupimia mji mzima chuki, mwenyewe alikuwa anaumwa wivu. Wivu mbaya, wa kuamka nao na kula nao.

Mumewe alikuwa Rubani Osmundi Komba, Mngoni wa Songea, mrefu, mcheshi, nahodha mteule wa chombo kilichoitwa Udzungwa. Chombo kilikuwa kiwapeleke watu sita ncha ya kusini ya Mwezi, wakae miaka miwili wakitafuta barafu chini ya udongo. Na mtafutaji mkuu wa hiyo barafu alikuwa Yusta Kalolo, Mhehe, mpekuzi wa ardhi. Yusta ndiye aliyejua kutuma mawimbi ardhini na kuusoma mwangwi wake, akakwambia hapa mwamba, hapa mchanga, hapa maji. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na sheria ya Kituo ilikataza kumpeleka aliyetimiza arobaini. Alikuwa amejifunza kwa miaka tisa kwa ajili ya safari hii, na nyingine kwake haikuwepo.

Sasa, Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, hakuna aliyemshinda mwenzake, wakaona heri vita igeuzwe matusi ya kuchekesha na kuzikana. Yusta akimwona Osmundi kwenye ukumbi wa Kituo, alipaza sauti mbele ya wakubwa: "Huyu mla panya nani kamwachia chombo? Atakigeuza mtego!" Osmundi naye: "Afadhali panya, kuliko nyinyi mnaofuga mbwa huku mnachemsha maji!" Wanashikana mikono, wanacheka mpaka machozi.

Kemilembe alikuwa Mhaya wa Kamachumu. Matusi hayo aliyaelewa vizuri, nchi hii nani asiyejua utani? Kilichomchoma ni kule kucheka. Osmundi alimtania hata yeye nyumbani, alimwita "nshomile wangu" kwa sababu ya digrii zake tatu na Kiingereza chake cha kuringa. Lakini kwa nshomile alicheka kidogo, na kwa Yusta alicheka mpaka akashika ukuta. Kemilembe aliipima tofauti hiyo kila siku. Ugonjwa wa wapimaji ndio huo.

Jumapili moja Yusta alikuja kula chakula cha mchana. Hata hodi hakumalizia, alikuwa ameshafunua sufuria jikoni.

"Mke mwenzangu, hujambo? Leo zamu yako, eeh? Mpikie mume wetu vizuri, maana nikimchukua kule juu atakula unga wa mirija miaka miwili."

"Karibu, dada Yusta," Kemilembe alisema, akatabasamu. "Kaa, nikuletee maji ya kunawa."

"Mume wetu yuko wapi, yule mwizi?"

"Yuko bafuni."

"Anaoga? Mngoni? Jamani, dunia imefika mwisho!"

Kutoka bafuni Osmundi akaangua kicheko, sauti ikajaa nyumba. Kemilembe alikuwa ameshika upawa. Mume wetu. Kule juu. Miaka miwili. Kwa maneno matatu hayo, ndizi aliyoila siku ile hakuijua ladha yake. Angekuwa mtu wa kusema, angesema: Osmundi, roho inaniuma, mwambie huyu mwanamke asiniite mke mwenza. Lakini atasemaje, yeye mwenye digrii tatu, kwamba anaumizwa na utani? Akawaongezea mchuzi.

Kuna jambo lazima ulijue hapa. Miaka mitano nyuma, Kipekuzi kilipokuwa bado cha majaribio, kilipelekwa Songea kwenye mazishi ya baba yake Osmundi. Kemilembe mwenyewe alitaka kukijaribu penye watu wengi wenye huzuni. Watani wakaja, kama desturi. Yusta akiongoza, wakavaa koti la marehemu, wakaiga mwendo wake wa kuchechemea, mmoja akaingia kaburini akajilaza akasema hatoki mpaka apewe jogoo. Kipekuzi kikapiga kelele: chuki, tisini na nane! Vijana wawili wa ulinzi, wageni wa mila, wakamvuta yule mtani kutoka kaburini wakamtia pingu. Msiba mzima ulisimama. Wazee walimtazama mkwe wao yule na mashine yake, na Kemilembe aliona aibu ya kufa.

Aliporudi Iringa akaongeza kitu kidogo kwenye kioo cha mashine: kisanduku kinachofunguka tu namba ikifika nyekundu, chenye swali, "Je, wapimwa ni watani?" Ukigusa Ndiyo, Kipekuzi huyageuza maneno, tusi likahesabiwa salamu. Ukigusa Hapana, tusi ni tusi. Kazi ya kujaza kisanduku aliachiwa msimamizi wa kipimo, kwa kuwa mashine haiwezi kujua nani ni mtani wa nani.

Siku ya kipimo cha mwisho cha wasafiri, msimamizi alikuwa Kemilembe. Mkurugenzi Mbwambo alikuwa ameketi nyuma ya ukuta wa kioo na wajumbe wake, wageni wengi wao, wa kutoka nchi zilizochangia chombo. Watu sita walipimwa wawili wawili. Ikafika zamu ya Osmundi na Yusta.

Wakaingia ndani ya pete. "Unanuka panya mpaka huku," Yusta akaanza, mikono kiunoni. "Nikikaa nawe miaka miwili nitakutupa nje bila kofia, uelee mpaka ukutane na mababu zako wezi!"

"Nitupe!" Osmundi akajibu. "Lakini kwanza nikufungie mbwa kwenye mzigo, usije ukafa na njaa!"

Mioyo yao ikadunda, mashavu yakapata moto. Osmundi akashika chuma cha pete asianguke kwa kicheko. Kwenye kioo cha Kemilembe swali likatokea. Je, wapimwa ni watani?

Alijua. Nani alijua kuliko yeye? Kidole chake kilikaa juu ya kioo kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, na katika pumzi hizo aliwaona wako juu kule, dirisha dogo, Dunia ikiwa mbali, na Osmundi ameshika ukuta anacheka. Akagusa Hapana.

"Chuki," ikasema ile sauti tulivu, "tisini na nne."

Wale wageni nyuma ya kioo walishtuka. Osmundi na Yusta walidhani ni mzaha, wakacheka zaidi, na namba ikapanda ikawa tisini na sita. Mkurugenzi Mbwambo, Mpare mwenye utani wake na Wachaga, alikunja uso akauliza kwa kipaza sauti, "Mhandisi, kila kitu kimejazwa?"

"Kimejazwa, Mkurugenzi."

Utaratibu ulitaka msimamizi naye apimwe na mmoja wa wale aliowapima, ili isiwe ameelemea upande. Kemilembe akaingia kwenye pete na Yusta. "Pole sana, dada," Kemilembe akamwambia kwa upole. "Mungu atakufungulia njia nyingine." Moyo wake haukwenda mbio hata kidogo. Wivu wake ulikuwa wa miezi mingi, ulishapita kuchemka, ulishaganda. "Chuki, nne," ikasema mashine, na taa ikawa kijani kizuri. Mama wa watu alitoka mle akiwa na cheti.

Nahodha hawezi kubadilishwa wiki tisa kabla ya safari, mpekuzi wa ardhi anaweza. Yusta akaondolewa.

Kemilembe alidhani mambo yangeishia hapo. Alisahau mashine yake mwenyewe inavyofanya kazi, au alijisahaulisha. Namba ya Kituo huingia kwenye daftari la mji, isipokuwa ya msafiri aliyebaki kwenye orodha, na daftari husomwa na kila lango. Kesho yake Yusta alipompeleka mwanawe Lutengano shule, lango likawa jekundu. Akaambiwa mtoto anaweza kuingia, mama abaki barabarani. Sokoni nyekundu. Zahanati nyekundu, akapimwa homa uani kwenye kiti cha plastiki. Majirani waliokuwa wakiazima chumvi kwake wakaanza kupita njia ya nyuma, maana mtu wa tisini na sita si wa kuchezewa. Siku moja mvua ilinyesha, mwalimu akachelewa kumtoa mtoto, na Yusta akasimama nje ya lango saa nzima huku Lutengano analia upande wa pili wa nondo. Hakumtukana mtu. Watu walisema Yusta siku hizi hatukani kabisa.

Hayo yote Osmundi aliyaleta nyumbani jioni, akayasimulia mezani bila kula. Kemilembe alisema, "Masikini," akamwekea mboga. Usingizi wake ulikuwa umekwisha. Alikuwa amepata alichokitaka, na mumewe hakucheka na mtu tena.

Wiki ya sita, saa ya chakula cha mchana, Osmundi alikuja maabara. Alikuwa hajawahi kuja pale bila kubeba maandazi.

"Naomba kuona fomu ya kipimo changu na Yusta."

"Kipekuzi kilisema tisini na—"

"Sikiulizi Kipekuzi. Nakuuliza wewe. Fomu."

Akampa. Osmundi alisoma polepole, kidole kikishuka mstari kwa mstari, mpaka kikafika kwenye kisanduku kikasimama.

"Hapa pameandikwa Hapana."

"Ndiyo."

"Kidole kiliteleza, Mama Koku?" Aliuliza hivyo kwa sauti ndogo, akimwita kwa jina la mtoto wao, na Kemilembe akaona kwamba amefunguliwa mlango. Angesema ndiyo, kiliteleza, na mtu huyu angemwamini, kwa sababu alitaka sana kumwamini.

"Hakikuteleza," akasema. Machozi yakaanza. "Niliona wivu, Osmundi. Anakuita mume wake nyumbani kwangu. Unacheka naye usivyocheka na mimi. Nilisema miaka miwili kule juu nitakupoteza. Roho iliniuma, nikashindwa."

Osmundi akavuta kiti lakini hakukaa. "Baba alipokufa, nani alichimba kaburi? Wahehe. Nani alivaa lile koti, akachechemea mpaka mama yangu akacheka, mama ambaye hakuwa amekula siku tatu? Ulikuwepo, Kemilembe. Ulikuwa umesimama karibu yangu."

Alikuwepo, kweli. Na siku ile pia, Mungu amsamehe, alichokiona ni mwanamke anayemchekesha mumewe.

"Ungeniambia," Osmundi akasema. "Ungesema tu, Osmundi naumia. Ningemwambia Yusta, naye angekutania wiki nzima halafu angeacha." Akaiweka fomu mezani taratibu, akainyoosha kona iliyokunjika. "Nakushukuru kwa kusema ukweli."

Alitoka bila kuupiga mlango.

Siku hiyo hiyo Kemilembe alikwenda kwa Mkurugenzi Mbwambo akaeleza kila kitu, hakubakiza. Kisanduku kikasahihishwa, kipimo kikasomwa upya: chuki, tatu. Yusta akarudishiwa nafasi yake, na malango ya mji yakawa kijani. Kemilembe alivuliwa uongozi wa maabara. Walimwacha kazini kwa sababu hakuna mwingine aliyeijua mashine, wakamweka langoni, miongoni mwa waliovaa vizibao vya njano.

Kwa hiyo asubuhi ya safari, ukungu ukiwa bado umeshika Isimani yote, aliyewapitisha wasafiri kwenye pete kwa mara ya mwisho alikuwa yeye. Utaratibu ni kwamba kila msafiri huzungumza na mlinda lango nusu dakika, ili chombo kisipande na kinyongo. Wanne wakapita. Wa tano alikuwa Yusta.

Walisimama ana kwa ana ndani ya pete. Yusta alikuwa amekonda. Kemilembe akasema alichokuwa amekiandaa. "Dada Yusta, nilikukosea wewe na mtoto. Naomba unisamehe."

Yusta akamtazama mpaka Kemilembe akainamisha macho.

"Samahani yako kaichemshe na ndizi!" Yusta akasema, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye chombo. "Mke mwenza mchawi wewe! Umeniroga, umemwacha mwanangu analia kwenye mvua, sasa nenda kamchukue shule kila siku mpaka nirudi, na umpikie, tena umpikie vizuri! Mimi huyoo, nakwenda Mwezini na mume. Ukimtamani, panda juu ya migomba yenu uchungulie!"

"Chuki," ikasema mashine, "tisini na mbili." Taa ikawa nyekundu, walinzi wakasogea. Ndani ya tusi lile mlikuwa na hasira ya kweli, Kemilembe aliisikia, na alistahili kuisikia. Lakini mlikuwa pia na mtoto, ambaye amekabidhiwa yeye. Kwenye kioo swali likatokea, na kidole chake kikagusa Ndiyo.

Yusta akapita, hakugeuka, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka kidogo.

Wa sita alikuwa nahodha. Osmundi akaingia kwenye pete na kofia yake mkononi. Tangu siku ile ya fomu walikuwa wameishi nyumba moja bila kugombana hata mara moja. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka.

"Habari za asubuhi, Mhandisi."

"Nzuri. Umelala salama?"

"Salama, asante. Koku ana kikohozi, dawa yake ni saa sita."

"Sitasahau."

"Nashukuru. Asante kwa maandalizi yote."

Kemilembe alisubiri. Zilibaki sekunde kumi. Alisubiri aitwe nshomile, aambiwe kwamba Kiingereza chake kitamtisha mtoto wa Yusta, aambiwe neno lolote la hovyo. Alijikuta akisema mwenyewe, kwa sauti iliyokatika, "Mla panya wewe. Urudi."

Osmundi akainamisha kichwa kwa heshima. "Asante. Nawe ubaki salama."

"Chuki, mbili," ikasema ile sauti tulivu. "Uhusiano mzuri sana. Karibu upite."

Kemilembe alikitazama kioo, akakipekua kutoka juu mpaka chini, akitafuta mahali pa kugusa. Hakuna swali lililotokea. Taa ikabaki kijani mpaka mumewe alipoingia kwenye chombo.